Milimita ya Elida

1

"Mama, simama hapo penye mstari wa njano, na tafadhali usiguse kitu," Lutengano, mhudumu wa kituo, alimwambia Elida Tweve, na Elida akatii.

Alikuwa na miaka sabini na moja. Zaidi ya thelathini kati ya hiyo aliitumia kuwachoma watu sindano za ganzi katika hospitali za nyanda za juu, lakini kijana huyu hakulijua hilo, na Elida hakuona sababu ya kumwambia. Siku ile alikuja kituo cha afya cha Lyamande kama msindikizaji tu. Mgonjwa alikuwa mdogo wake, Atuganile, aliyeteleza kwenye tope akitoka kukata mianzi na kuuangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika vipande vitatu, na mkono ulikuwa umevimba ukawa kama wa mtu mwingine.

Atuganile alilazwa chali, uso ameugeuzia ukutani, shingo na bega vikiwa wazi. Lutengano akamsafisha juu ya mfupa wa mtulinga kwa dawa ya kahawia, akapaka jeli, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kubonyeza kitufe cha kijani. Kazi yake iliishia hapo. Hakuwahi kushika sindano ya ganzi maishani mwake, na hakuna mtu wa rika lake aliyewahi. Mkono wa chuma uliokuwa umekunjwa darini ukajikunjua polepole, mwembamba kama mguu wa korongo, ukateremka hadi shingoni kwa Atuganile.

"Dada, uko wapi?" Atuganile aliuliza.

"Niko hapa. Pumua taratibu."

Kwenye kioo cha ukutani picha ikatokea: mshipa mkubwa wa damu ukidunda, pafu likimeta chini yake kama ukingo wa maji, na pembeni kishada cha viduara vyeusi. Hizo ndizo neva za mkono mzima, zimekusanyika mahali padogo kuliko kidole gumba. Elida alikuwa amezitafuta kwa kila njia iliyowahi kuwapo. Alipoanza kazi hospitali yao haikuwa na picha. Ulipapasa mfupa, ukachoma, ukamuuliza mgonjwa kama amesikia umeme vidoleni. Baadaye kikaja kifaa kilichopitisha umeme mdogo kwenye ncha ya sindano, na vidole vyenyewe vikishtuka unajua umekaribia. Kisha picha za mawimbi ya sauti. Kisha hii mashine, ambayo ilitumia yote matatu kwa pamoja na haikuhitaji mtu.

Ilihitaji watu mara moja tu, mwanzoni. Miaka ishirini na mitatu iliyopita, watu saba walichaguliwa nchi nzima kuifundisha. Kwa miaka miwili Elida alifanya kazi akiwa amevaa glavu zilizofumwa kwa nyuzi za umeme, na kila alipochoma, nyuzi zile zilirekodi mkono wake ulivyokwenda. Alichoma sindano elfu moja na mia tisa namna hiyo. Mashine zilipofika Lyamande alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo hakuwahi kusimama karibu na mojawapo ikifanya kazi mpaka asubuhi hiyo.

Sindano ikagusa ngozi, ikasimama.

Elida akashangaa. Ilikuwa inasubiri Atuganile atoe pumzi. Alipoitoa, ndipo ikaingia, na ilipofika nusu ya njia ikainama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayechungulia kona. Hakuna kitabu kilichofundisha vile. Alikuwa akifanya hivyo yeye, kwa sababu kifundo chake cha mkono kilikuwa kikimuuma tangu alipoanguka akiwa msichana, na kukiinamisha kulimpunguzia maumivu.

"Huu mkono ni wa nani?" aliuliza.

"Namba saba, mama. Zote siku hizi ni namba saba. Ile mingine waliitoa zamani."

Namba saba alikuwa yeye. Kwa sekunde chache alifurahi kama mzee aliyesikia mtoto asiyemjua akiitwa kwa jina lake.

Vidole vya Atuganile vikashtuka. Sindano ilikuwa imefika, na hapo ilipaswa kukoma na kumwaga dawa nje ya neva. Elida akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka mingi, na alilikumbuka kwenye kiganja kabla halijafika kichwani.

"Isimamishe," alisema.

"Nini?"

"Isimamishe hapo hapo, isiendelee!"

"Haisimami katikati, mama. Nikibonyeza nyekundu inatoka kabisa na kujifunga mpaka kesho, na daktari wa mifupa anaondoka leo saa kumi."

Sindano ikasogea mbele milimita moja. Ilisogea kwa upole, karibu kwa mapenzi. Kisha dawa ikaingia, na kwenye kioo viduara vyeusi vikavimba kidogo, kimoja baada ya kingine.

Baada ya dakika nne mkono wote wa Atuganile ulikuwa umekufa ganzi. Lutengano akauinua na kuuachia. Ukaanguka kitandani kama mzigo. Kwenye kioo likatokea swali moja, MKONO UMEKUFA GANZI?, naye akagusa NDIYO. Swali likatoweka.

"Unaona, mama?" alimwambia Elida kwa kumtuliza. "Dakika nne tu. Hakuna mkono wa haraka kama huu."

2

Mfupa uliungwa vizuri. Atuganile alikuwa macho muda wote, akimsimulia daktari habari za majirani, na alirudi nyumbani jioni ile ile mkono ukiwa umefungwa kifuani.

Kesho yake gumba lilianza kuwasha. Kisha kidole cha pili na cha tatu vikapata uhai. Elida, ambaye alikuwa amelala kwa mdogo wake, alikaa kando ya kitanda na kipande cha pamba, akakipitisha juu ya kila kidole.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

Atuganile akafumbua macho. "Umeshagusa?"

Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo, na wiki ya tatu pia. Kidole cha pete na kile kidogo vilibaki vimejikunja kuelekea kiganjani, baridi, na nyama kati ya mifupa ya mkono ilianza kubonyea. Atuganile alikuwa msusi wa matenga ya mianzi. Fito alizichonga kwa kisu kwa mkono wa kulia, na vidole hivyo viwili ndivyo vilivyokishika kisu kisiyumbe. Alijaribu kutumia kushoto. Alijikata mara mbili, akaviweka visu vyote kwenye ndoo na kuifunika.

Elida alirudi kituoni.

"Ni ajali yenyewe, mama," Lutengano alisema. "Mfupa ukivunjika vile huwa unakwaruza neva. Huwa wanakuja wengi wa namna hiyo."

"Wengi kiasi gani?"

"Sijui. Hatuandiki. Mashine inauliza swali moja tu, lile uliloliona."

"Na wewe mwenyewe unakumbuka wangapi?"

Lutengano akafikiri kweli, kwa heshima. "Tangu nianze kazi hapa? Watatu. Hapana, na yule mama wa shule. Wanne. Lakini wote walikuwa wameumia mkono, mama. Mtu aliyeumia mkono, mkono ukibaki na kasoro, unashangaa nini?"

Hapo Elida akaelewa jinsi kosa lilivyoweza kuishi miaka yote hiyo bila kuonekana. Liliingia kwa watu ambao tayari walikuwa wameumia, kwenye kiungo kile kile walichoumia, na halikuacha alama yoyote.

Jioni alimweleza mdogo wake. Hakujua namna ya kulianza, akalianza vibaya.

"Ile sindano ni mimi niliyekuchoma."

Atuganile alidhani amesikia vibaya, kwa hiyo Elida akamsimulia tangu mwanzo. Kwamba alipokuwa anajifunza kazi, mwalimu wake alimgombeza kwa tabia moja: sindano ikishafika, aliisukuma milimita moja zaidi. Ganzi ilishika haraka, madaktari wa upasuaji wakampenda, wakawa wanamwita yeye na kuwaacha wenzake. Aliambiwa mara tatu au nne aache. Aliahidi. Hakuacha. Ile milimita iliingia chini ya ngozi laini inayofunika neva, na kwa watu wengi haikudhuru kitu. Kwa mwenye kisukari, kama Atuganile, au mtu mzima ambaye neva zake zimechoka, dawa ikimwagwa humo inaziminya mpaka nyingine zinakufa.

"Ulijua?" Atuganile aliuliza.

"Nilikuwa na wagonjwa wawili, labda watatu, waliorudi wakilalamika vidole. Nikasema ni ajali."

"Sikuuliza hivyo, dada. Nimeuliza ulijua?"

Elida aliutazama mkono uliolala juu ya blanketi. "Nilijua vya kutosha kutotaka kujua zaidi."

Atuganile akauingiza mkono chini ya blanketi. Kisha akasema ana njaa, na Elida akaenda jikoni kumenya viazi.

3

Mtu aliyetumwa na Taasisi ya Mikono Tiba, wenye mashine zile, aliitwa Mhandisi Rwegoshora, mrefu, mwenye adabu, aliyejifunga skafu mbili kwa sababu ya baridi ya Makete. Alikuja siku tisa baada ya Elida kuandika barua. Alileta sanduku la bati, akaliweka juu ya meza ya Elida bila kulifungua.

"Shikamoo, mama. Kwanza nikuambie kwamba barua yako haikutushangaza."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Tunajua kuhusu milimita. Tumejua kwa miaka sita, tangu tulipowafuatilia majumbani wagonjwa wa vituo vichache." Alisema bila kujitetea, kama mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amepata pa kukitua. "Wagonjwa wanne katika kila elfu wanabaki na kasoro ya kudumu. Vituo ni mia tatu na kumi na viwili. Kwa mwaka mashine zinachoma watu elfu sitini."

Elida akapiga hesabu kichwani. Mia mbili na arobaini kwa mwaka. Hakutaka kuzidisha kwa miaka, lakini kichwa kilishazidisha.

"Mbona mlibakiza mkono wangu peke yake?"

"Mashine ilibakiza. Tuliiambia ichague mkono unaofaulu zaidi, na kipimo cha kufaulu kilikuwa dakika kumi za kwanza. Wenzako sita walikuwa waangalifu, mama. Ganzi zao zilichelewa. Mkono wako haukuchelewa."

"Basi ipunguzeni hiyo milimita! Si ni mashine?"

Rwegoshora akatikisa kichwa. "Haikujifunza vipimo. Imejifunza mkono. Tulijaribu kuizuia isivuke. Ukiizuia pale, inaitafuta milimita yake mahali pengine. Inapapasa kushoto, inapapasa kulia. Kwenye majaribio ilitoboa pafu mara mbili. Hatukuthubutu tena."

"Rudisheni ile mikono sita."

"Mtambo uliihifadhi kama makosa, na makosa hufutwa. Wenye mikono yenyewe wameshafariki, isipokuwa mmoja, na yeye haoni. Mashine haipokei mkono mgeni, na baada yenu hakuna aliyefundishwa kuchoma, mama. Hapakuwa na haja." Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na shingo na bega la mtu, la jeli ya rangi ya ngozi, lenye mifupa na neva za kutengenezwa, na glavu mbili za nyuzi zilizokunjwa vizuri kama nguo za kanisani. "Mtu pekee nchini anayeweza kuifundisha upya ni wewe. Tunahitaji sindano mia mbili. Safi, zisizovuka."

Walianza siku hiyo hiyo. Elida alivaa glavu. Uzeeni vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, lakini aliposhika sindano vilitulia kwa namna iliyomshangaza hata yeye. Alichoma. Kioo kidogo cha Rwegoshora kilionyesha neva, sindano ikafika, na Elida akasimama.

"Umevuka," Rwegoshora alisema kwa upole.

"Nimesimama!"

Akamwonyesha. Milimita moja, na kidogo juu yake.

Akarudia. Safari hii alikaza akili yote kwenye ncha ya sindano, akajisemea simama, simama, na mkono ukasimama kabla ya kufika, ukayumba, sindano ikapotea upande wa pafu. Akaitoa, akapumua, akachoma tena bila kufikiri. Ikafika vizuri, ikainama kidogo kushoto, na ikavuka.

Kwa siku tatu walikaa kwenye meza ile tangu chai ya asubuhi hadi mwanga wa dirishani ulipofifia. Walifanya sindano arobaini na moja. Tatu tu zilikuwa safi, na Elida hakujua alichofanya tofauti katika hizo tatu. Alijaribu mkono wa kushoto. Alijaribu kufumba macho. Siku ya tatu alimwomba Rwegoshora amshike kifundo na kumzuia, naye akamshika, na Elida akasikia mkono wake mwenyewe ukimsukuma yule mwanamume, kwa upole ule ule, ukidai nafasi yake ndogo. Hakuutuma. Alikuwa akiulaani kwa sauti wakati unafanya hivyo.

Akavua glavu, akaziweka mezani.

"Haiwezekani," alisema.

"Kweli, haiwezekani," Rwegoshora alikubali.

Kisha akatoa karatasi moja mfukoni, imekunjwa mara nne. "Sheria inanitaka nikukumbushe hili. Kwenye mkataba wako kuna kifungu cha kumi na mbili. Mwenye mkono anaweza kuuondoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Ukisaini hapa, mashine zote zinazimika siku hiyo hiyo."

"Na wagonjwa?"

"Wenye hospitali kubwa karibu watalazwa usingizi kamili. Vituo kama Lyamande havina mtaalamu wa usingizi wala oksijeni ya kutosha. Huko watarudi kwenye yale ya zamani. Watu wanne wa kumshika mgonjwa, na kitambaa cha kung'ata."

"Wangapi?"

"Elfu hamsini kwa mwaka. Huenda zaidi."

Elida alimtazama, akatafuta usoni pake dalili yoyote ya analotaka yeye. Alikuwa amejifunga skafu mpaka kidevuni na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe ungetaka nifanye nini?"

"Nimesafiri siku mbili nikiomba usiniulize hivyo, mama."

4

Hakusaini. Lakini aliomba jambo moja, na Taasisi ikakubali upesi kwa sababu halikuwapunguzia chochote: kwamba Lyamande, kabla ya kitufe cha kijani, mgonjwa aambiwe ukweli, na anayemwambia awe yeye.

Siku alipoanza, Atuganile alimtazama akijifunga kitenge mlangoni.

"Unakwenda kuwaambia?"

"Ndiyo."

"Mimi kama ungeniambia siku ile, na mkono umevimba vile, ningekuelewa?"

"Ungekuwa umeambiwa."

"Haya," Atuganile akasema, na Elida hakujua kama alikuwa amekubaliwa au ameachwa tu.

Kila asubuhi alikaa kwenye kiti nje ya mstari wa njano. Mgonjwa alipolazwa, alisogea, akajitambulisha kwa jina, akasema: "Mkono utakaokuchoma ni wangu. Una kosa. Katika watu elfu, wanne hawarudishi vidole. Kama una kisukari au umri mkubwa, hatari ni zaidi. Unaweza kukataa." Alisema taratibu, kwa Kiswahili na, kwa wazee, kwa lugha ya hapo, Kikinga. Lutengano alisimama pembeni akiwa ameinamisha kichwa, na alipogundua kwamba hakuna anayeondoka, akaanza kupaka dawa ya kahawia wakati Elida bado anaongea.

Katika wiki tatu walikuja kumi na mmoja. Mwalimu aliyevunjika kiwiko alimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Bibi mmoja alimwombea. Mwanamke aliyeungua kwa mafuta hakusikia neno hata moja, alikuwa akilia tu na kusema ndiyo kwa chochote. Hakuna aliyekataa.

Wa kumi na mbili alikuwa Obeti, mpasuaji mbao wa miaka thelathini na kitu, ambaye msumeno ulikuwa umeingia katikati ya kiganja chake. Wenzake walikuwa wamemfunga shati, na shati lilikuwa limelowa. Alikuwa kijivu usoni, meno yakigongana, lakini macho yake yalimfuata Elida vizuri, na Elida aliposema, yeye alisikiliza kila neno. Akauliza maswali. Akauliza kama kuna mashine ya namna nyingine. Hakuna. Akauliza kuhusu hospitali ya Mbeya. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na hata isingekatika, kiganja kisingesubiri. Akauliza kama kuna mtu yeyote, mahali popote, anayechoma kwa mkono wake mwenyewe.

"Hakuna, mwanangu."

"Nikikataa?"

"Daktari atakushona hivyo hivyo. Watakushika."

Obeti akamtazama daktari aliyekuwa akipanga vyuma vyake kwenye trei, kisha akamrudia Elida. Sauti yake haikuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Sasa mama, hayo umeniambia ili nifanye nini?"

Elida alikuwa na jibu siku alipoandika ombi lake kwa Taasisi, jibu zuri, la ukurasa mzima, kuhusu haki ya mtu na mwili wake. Alilitafuta akiwa amesimama pale na jeli ikimeta shingoni kwa Obeti, na hakulipata.

"Sijui," alisema. "Sijui, mwanangu."

Obeti akaitikia kwa kichwa. Akafumba macho, akaugeuzia uso wake ukutani na kuiacha shingo wazi, na Lutengano akabonyeza kijani.